Mwezi Ambao Friji Zote Ziliumwa

Mtaani wapo wanaojulikana kwa mwendo wao, wapo wanaojulikana kwa kicheko, na wapo wanaojulikana kwa mdomo. Mtu wetu huyu alijulikana kwa sikio. Si kwamba lilikuwa kubwa. Lilikuwa sikio la kawaida, limekaa mahali pake upande wa kulia wa kichwa, na kovu dogo juu yake ambapo bomba la shaba lilimchoma siku za ujana. Lakini sikio hilo ndilo lililomlisha yeye, mkewe na watoto, na ndilo lililompa jina. Watu wote walimwita Fundi Sikio, hata wale waliokuwa hawajawahi kumwona.

Alikuwa fundi wa friji. Mafundi wengine walikuja na vipimo vyenye mishale na nyaya za rangi rangi. Yeye alikuja na bisibisi ndefu. Ncha yake aliigusisha kwenye kompresa, lile dude jeusi linalojificha nyuma ya friji na ambalo ndilo moyo wake, kisha mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Wenye nyumba walinyamaza. Watoto walikatazwa kukohoa. Baada ya muda alifumbua macho na kutoa hukumu: "Gesi imepungua." Au, "Beringi ya feni imekwisha." Au, "Dada, friji yako nzima kabisa, ila umeibana ukutani, haipumui." Na kweli, ikisogezwa, inapoa.

Kwa kuwa sikio ndilo lililokuwa mtaji wake, alilitunza. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana vitu vingi hapa duniani huharibikia mikononi mwa wanaovipenda.

Kila asubuhi, kabla hajaosha uso, alilisafisha. Alitumia njiti ya kiberiti, au unyoya wa kuku, au kifuniko cha kalamu ya mtoto, na siku ambazo mkewe alikuwa uani, alitumia bisibisi ndogo kuliko zote sandukuni. "Bomba likiziba, gesi haipiti," ndivyo alivyojitetea. Akifika karakana, chumba kimoja chenye mlango wa bati, aliwasha grenda ya kukatia vyuma, na umeme ukikatika aliwasha jenereta iliyokaa mlangoni ikitetemeka kama mwenye homa. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Fundi Redio, ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu spika kutwa nzima, na hakujua kuzijaribu kwa sauti ya chini.

Ili kujikinga na balaa hilo lote, Fundi Sikio alivaa spika za masikioni, zile ndogo za waya, akapandisha muziki mpaka ukaishinda grenda.

"Dawa ya moto ni moto," alisema. "Na dawa ya kelele ni kelele."

Hayo ni ya masikio tu. Mengine yote yaliyobaki ya maisha yake aliyaendesha kwa mtindo huo huo. Alikuwa na chupa ya chai iliyokuwa haijawahi kuonja chai. Ndani yake ilikaa kahawa nyeusi mfano wa mafuta machafu ya kompresa, na aliinywa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kahawa ilimpa maumivu ya kichwa, kwa hiyo alimeza vidonge vya kichwa, viwili viwili, kama mtu anayekula karanga. Chakula alikitia chumvi kabla ya kukionja, kwa usalama. Sigara aliacha zamani. Yaani aliacha kununua. Za Fundi Redio alizivuta kama kawaida. Na kitandani alilala na zile spika masikioni, akisikiliza watu wanaobishana kuhusu mpira aliokuwa ameutazama mwenyewe kwa macho yake, hata usingizi ukimchukua, ulimchukua katikati ya ugomvi.

Basi siku moja akawa anasikiliza friji ya mwalimu mmoja. Akafumba macho. Chini ya ule mngurumo wa kawaida wa kompresa akasikia kitu kipya: filimbi. Nyembamba, ya juu, isiyopumzika, kama mbu aliyesomea muziki.

"Kompresa inakufa," akatangaza.

Mwalimu akashtuka. "Lakini nilikuita kwa ajili ya mlango tu, haufungi vizuri."

"Mlango ndio unaouona wewe. Mimi nasikia ya ndani."

Akabadilisha kompresa. Akasikiliza mpya. Filimbi ikawa palepale. Akaikunjia uso, akaondoka akisema mpya zinahitaji kuzoea. Kesho yake friji ya duka la dawa nayo ikapiga filimbi. Keshokutwa ya bucha. Mwisho wa juma hapakuwa na friji mtaani ambayo Fundi Sikio hakuipa pole.

"Hata ile ya kinyozi?" akauliza Fundi Redio, ameegemea mlango wa bati na sigara mdomoni.

"Hata ile."

"Ile si mpya? Karatasi ya dukani bado imebandikwa."

"Wanatuletea mbovu kutoka kiwandani. Zote zina ugonjwa mmoja."

"Basi ni ugonjwa wa kuambukiza, ndugu yangu. Tuziwekee friji barakoa."

"Cheka tu. Wewe unafanya kazi na redio. Redio hata ikifa, mtu hali chakula kilichooza."

Fundi Redio akacheka mpaka akakohoa. Lakini alipomaliza kukohoa akamtazama mwenzake kwa muda, kwa sababu Fundi Sikio hakucheka. Kwa kawaida walikuwa wanacheka pamoja.

Ni katika siku hizo hizo alipokuja meneja wa kiwanda cha maziwa. Kilikuwa kiwanda kidogo nyuma ya stendi, chenye chumba kimoja kikubwa cha baridi kilichopozwa na mashine tatu. Moja kati ya hizo tatu ilikuwa na ugonjwa: siku nyingine chumba kilipata joto ghafla, maziwa yakachacha, kisha kila kitu kikarudi sawa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mafundi wawili walikuwa wamekuja na vipimo vyao, wakapima, wakaondoka.

"Nimeambiwa wewe husikia," alisema meneja, mtu mfupi mwenye koti jeupe na uso wa mtu asiyelala. "Njoo Jumatatu. Ukiniambia ni ipi, na kwa nini, mashine zote za kiwanda zitakuwa chini yako mwaka mzima. Ukikosea, nitaita watu wa mbali, na wewe tusalimiane tu njiani."

Fundi Sikio alipomweleza mkewe habari hizo, mke aliacha kumenya viazi. Kazi ya kudumu! Mume anayejua leo kesho atakuwa wapi! Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa ameishi na mtu anayefuata friji za watu kama nyuki anavyofuata maua, na kama nyuki, kiangazi kingine hakukuwa na maua.

"Utaweza?" akauliza.

"Mama Watoto, unaniuliza mimi swali hilo?"

Hakumwambia kwamba asubuhi hiyo, akiwa chooni, filimbi ilikuwepo.

*

Ijumaa ya juma hilo mama mkwe wake alituma salamu kwamba friza yake haigandishi vizuri. Mama huyo aliuza barafu na juisi barazani kwake, kwa hiyo salamu hizo zilikuwa amri. Fundi Sikio alivaa shati safi. Kwa mama mkwe hakuvaa spika za masikioni, hakuongea kwa sauti, wala hakukaa kabla hajaambiwa mara mbili.

Mama mkwe alikuwa mjane mwembamba, mnyoofu, mwenye masikio ambayo mtaa mzima uliyaogopa. Wanasema sikio halilali na njaa. Ya mama huyu yalikuwa yanakula mpaka yanasaza. Akiwa jikoni kwake alijua nani amegombana na nani nyumba ya nne, na chanzo.

"Karibu, mkwe. Friza ile pale. Usiwe na haraka, lakini juisi zangu zinachemka."

"Ahsante, Mama."

Akapiga magoti nyuma ya friza. Bisibisi kwenye kompresa, mpini sikioni, macho akafumba. Filimbi! Safari hii kali zaidi, maana alikuwa na wasiwasi, na ile filimbi ilikuwa na tabia ya kunenepa akiwa na wasiwasi. Akafungua mfuniko wa nyuma. Akasikiliza. Filimbi. Akatoa feni, akaiweka kwenye mkeka. Filimbi. Akachomoa nyaya, akatoa kipima baridi, akafungua kila skrubu iliyokubali kufunguka na kuzipanga skrubu hizo kwenye sahani ya chai. Baraza likawa kama mahali palipochinjwa mnyama wa bati.

"Unasikia, Mama?" akauliza huku jasho likimtoka. "Hebu sikiliza. Bado inapiga."

Mama mkwe akatega sikio.

"Namsikia mke wa mshonaji anamsema mumewe kwa sababu ya viatu. Namsikia mtu anakuna sufuria. Hicho kingine sikisikii."

"Filimbi, Mama. Nyembamba. Inatoka humu ndani ya kompresa."

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Umeme umekatika tangu ulipokuwa unafungua ule mfuniko wa kwanza."

Fundi Sikio akatazama taa ya baraza. Ilikuwa imezimika. Akatazama waya wa friza. Ulikuwa umelala sakafuni, umechomolewa, na aliyeuchomoa ni yeye mwenyewe, kwa usalama. Akaitazama kompresa, ambayo ilikuwa kimya kama jiwe. Filimbi ikaendelea.

Akaigusisha bisibisi ukutani, akasikiliza. Ukuta ulikuwa unapiga filimbi. Akaigusisha kwenye mtungi wa maji. Mtungi nao. Kwenye meza palikuwa na papai. Sijui alikuwa anatafuta nini, lakini mtu anayezama hushika hata povu; akaigusisha bisibisi kwenye papai, akafumba macho.

"Linasemaje?" akauliza mama mkwe.

"Linaumwa," akajibu kwa sauti ndogo.

"Papai halina kompresa, mkwe wangu."

Hapo ndipo Fundi Sikio alipokaa chini bila kuambiwa hata mara moja, katikati ya vipande vya friza, akaweka bisibisi mapajani. Akamfikiria yule mwalimu na mlango wake. Akafikiria duka la dawa, na bucha. Halafu akafikiria Jumatatu, na mashine tatu zikimpigia filimbi kwa pamoja, na meneja akisubiri kidole chake kinyooke.

Mama mkwe hakucheka. Angeweza, kisa kama kile kingemlisha mwaka. Alimletea maji ya kunywa, akasubiri ayamalize, kisha akasema, "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mwambie mwanangu akupeleke kwa daktari wa masikio. Kesho. Na hizi skrubu nisije nikazikuta kwenye juisi."

*

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na subira. Aliwasha taa ndogo, akachungulia sikio la kulia. Akachungulia la kushoto. Akarudi la kulia.

"Kaka, huwa unalisafisha?"

"Kila siku!" Fundi Sikio akajibu kwa fahari.

"Kwa kutumia kitu gani?"

"Kwa pamba."

Mkewe, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba mapajani, akakohoa.

"Na njiti," akaongeza Fundi.

Mke akakohoa tena.

"Na unyoya. Na... vifaa vidogo vidogo."

"Bisibisi, Daktari," mke akasema. "Anadhani sijui."

Daktari akachukua maji ya vuguvugu na bomba la sindano, akasafisha. Ilitoka nta nyeusi, ngumu, iliyoshindiliwa ndani siku baada ya siku kama udongo wa kujengea, na katikati yake, kama kito kwenye pete, kilikuwepo kichwa cha njiti ya kiberiti. Daktari akakiweka kwenye kitambaa, wote watatu wakakitazama.

"Bahati yako hukuwahi kuwaka hasira," mke akasema.

Daktari akajikaza asicheke. "Nta yenyewe haina ubaya," akaeleza. "Sikio huisukuma nje lenyewe. Wewe ulikuwa unairudisha ndani kwa nguvu. Sasa niambie, unafanya kazi kwenye kelele?"

"Kelele kidogo."

"Grenda na jenereta," mke akasema. "Na jirani anayejaribu spika."

"Unajikinga kwa kutumia nini?"

"Muziki," akasema Fundi.

Daktari akavua miwani. "Unaweka muziki juu ya grenda?"

"Dawa ya kelele..." akaanza, kisha akaona nyuso mbili zilizokuwa zikimtazama, akaiacha methali yake njiani.

"Kahawa?"

"Kikombe."

"Chupa," akasema mke. "Chupa nzima, na akirudi anaitafuta nyingine."

"Vidonge vya maumivu?"

"Mara moja moja."

"Daktari, duka la dawa wakimwona wanamkatia kabla hajasalimia."

"Usingizi?"

"Analala na watu wa mpira masikioni, wanapiga makelele mpaka alfajiri. Na mwenyewe anasaga meno. Mimi nalala na mashine ya kusaga, Daktari."

"Mama Watoto," Fundi akanong'ona, "umekuja kunisindikiza au kunishtaki?"

"Kukusindikiza. Mashtaka unayabeba mwenyewe."

Daktari akavuta kiti karibu. Akasema hakuna anayeweza kunyoosha kidole na kusema ni hili ndilo lililoleta mlio. Kelele za miaka mingi ndizo alizozishuku zaidi, za kazini na zile alizojimiminia mwenyewe. Vidonge vile, vikimezwa ovyo na kwa wingi, vinaweza kuyafanya masikio yavume. Sigara haisaidii. Kahawa na chumvi nyingi, wapo ambao huwazidishia na wapo ambao haziwafanyi lolote. Apunguze polepole, aone mwenyewe. Usingizi mchache na wasiwasi haviwashi mlio, lakini huupandisha sauti, kama mtu anayeshika kitufe cha redio. Akampima kwa mashine; Fundi akavaa vikombe masikioni, akabonyeza kitufe kila aliposikia sauti. Mahali fulani katikati ya kipimo aliacha kubonyeza, na daktari aliendelea kuandika.

"Sauti za juu huzisikii vizuri," akasema kwa upole. "Hizo sidhani kama zitarudi. Mlio unaweza kupungua. Unaweza pia kubaki, na wewe ukauzoea, kama anayekaa karibu na barabara kuu. Lakini ukiendelea kuyatesa haya masikio, hata kilichobaki kitaondoka."

"Jumatatu utakuwa umeisha?"

"Kaka, sikio halina kalenda."

Wakashika njia ya kurudi nyumbani. Sikio lililosafishwa lilikuwa linasikia mambo ya ajabu: viatu vyake mwenyewe, karatasi inayopeperuka, pumzi ya mkewe. Na juu ya hayo yote, filimbi, sasa ikiwa safi na wazi zaidi.

Jumamosi mchana alikwenda kumfungia mama mkwe friza yake. Ilikuwa ni mpira wa mlango tu uliochoka. Baridi ilikuwa inatorokea pembeni. Aligundua kwa kupitisha kiganja ukingoni. Kichwa kilikuwa kinamgonga kwa kukosa kahawa, na mikono ilikuwa inatafuta chupa ambayo haikuwepo.

"Jumatatu utafanyaje?" mama mkwe akauliza.

Alikuwa ameshaambiwa yote na binti yake. Au alikuwa ameyasikia, nani ajuaye, mwendo wa nyumba tatu si mbali kwa masikio yale.

"Nitakwenda, Mama. Ni tatu tu. Nitachagua."

"Utachagua. Kama mtu anayechagua nyanya sokoni."

Fundi akachukua skrubu nyingine kwenye sahani.

"Mimi nitakwenda na wewe."

"Mama!" Alishtuka mpaka akaangusha skrubu. Mkwe kumwendesha mama mkwe kazini? Kumwambia shika hapa, inama pale? "Watu watasemaje?"

"Watasema nini ambacho sitakisikia? Sikio la kufa halisikii dawa, mkwe, na lako limeshaanza kuaga. Langu bado liko kazini. Nitavaa viatu vya kufunika."

*

Chumba cha mashine kilinuka maziwa na mafuta. Mashine tatu zilikuwa zimepangwa ukutani, kila moja na kompresa yake na feni yake kubwa, zikinguruma kwa pamoja. Meneja aliwatazama wageni wake: fundi aliyeziba masikio kwa vizibo vya manjano alivyopewa na daktari, na nyuma yake mama wa makamo aliyeshika mkoba kwa mikono miwili.

Fundi Sikio akatoa vizibo, akapiga magoti kwenye mashine ya kwanza, akasikiliza. Filimbi. Ya pili. Filimbi. Ya tatu. Filimbi. Aliinuka. Meneja alikuwa anamtazama mdomoni. Ilikuwa rahisi sana. Kidole kimoja tu, na sura ya kujiamini, na ile sura alikuwa nayo tangu ujana. Kati ya mashine tatu moja ni mbovu. Wapo watu waliojenga nyumba kwa bahati ndogo kuliko hiyo.

Aliunyoosha mkono. Ukafika nusu ya njia. Kisha ukageuka, ukampa mama mkwe bisibisi.

"Tafadhali, Mama. Mpini sikioni. Ncha hapa. Feni usiisogelee."

"Subiri kwanza," meneja akasema. "Mimi nilimwita Fundi Sikio. Sikumwita mama yake."

"Si mama yangu. Ni mama mkwe."

"Hapo ndipo pabaya zaidi!"

"Bwana Meneja," Fundi akasema, na maneno hayo hakuwahi kuyasema kwa mteja. "Sikio langu linaumwa. Linapiga filimbi saa zote, hata mashine ikiwa imezimwa. Ninachokijua bado ninakijua, lakini kusikia siwezi kukuapia. Mama anasikia. Yeye atanieleza, mimi nitakwambia maana yake. Ukikataa, tutakunywa maji twende zetu."

Meneja akafungua mdomo ajibu. Mama mkwe hakusubiri ruhusa, alikuwa ameshainama.

"Hii ya kwanza," akasema, "inakoroma kama marehemu mume wangu. Yaani haina neno. Alikoroma hivyo miaka yote na hakuwahi kuumwa kifua."

Akahamia ya pili. Alikaa hapo muda, uso umekunjamana.

"Hii nayo inakoroma. Lakini kuna kitu inatafuna."

"Inatafuna vipi, Mama? Polepole, au haraka haraka?"

"Haraka. Kama mtoto anayetafuna barafu kwa kuiba. Inatafuna, inaacha. Sasa kimya. Haya, imeanza tena."

"Ikitafuna, mpini unatetemeka?"

"Unanikuna sikio."

"Chini kwenye kompresa, au huku juu kwenye feni? Sogeza ncha taratibu."

Akasogeza. "Juu. Chini hakuna kitu, chini panakoroma tu. Juu ndiko kwenye mla barafu."

Fundi alimwomba aisikilize na ya tatu, asije akahukumu kabla ya kesi kwisha. Ya tatu, alisema mama, ilikuwa inaguna kama mtu mvivu lakini mwenye afya. Ndipo Fundi akamwambia meneja azime ya pili. Feni iliposimama kabisa, akaishika bawa kwa mkono na kulitikisa. Likayumba. Akalizungusha polepole, na kiganja chake kikakutana na ule mkwaruzo ambao mama alikuwa ameuita kutafuna. Akaifungua. Beringi, ile pete ya chuma inayobeba mzunguko wa feni, ilikuwa kavu, gololi zake zimeliwa upande mmoja.

"Ikipata moto inakwama," akamweleza meneja. "Feni inasimama, mashine inajizima, chumba kinapata joto. Ikishapoa, inaachia, feni inazunguka tena. Wakija mafundi na vipimo wanaikuta nzima."

Meneja aliipokea ile beringi mkononi, akaigeuzageuza.

"Wale wawili," akasema, "waliniapia kwamba vipimo vyao vinaona kila kitu." Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mama, na wewe utakuwa unakuja?"

"Nikiitwa kwa heshima. Na asubuhi, kabla ya juisi."

"Na mimi sifanyi kazi humu bila vizibo," akaongeza Fundi Sikio. "Na vijana wako pia wavae. Mashine hizi ni kelele tupu."

"Sawa," akasema meneja. "Anza leo na hiyo feni."

Ilipofika mchana kazi ilikuwa imekwisha, wakatoka. Walitembea upande wenye kivuli, mama mkwe mbele na mkwe wake hatua kadhaa nyuma na sanduku la vifaa, kwa adabu. Kesho angeanza kuzunguka: kwa mwalimu, kwa duka la dawa, kwa mwenye bucha, kuwaambia friji zao zilikuwa nzima. Alijua watakavyocheka, na alijua baadhi yao hawatacheka. Lakini hiyo ilikuwa kesho.

"Bado inalia?" mama mkwe akauliza bila kugeuka.

"Inalia, Mama."

"Sasa hivi? Tukiwa hapa?"

"Sasa hivi."

Akasimama. Akainamisha kichwa upande, akatega sikio kwa bidii zote, sikio lililoweza kusikia ugomvi wa viatu nyumba ya nne. Pikipiki ilipita. Mahali fulani mlango ulifungwa. Akasubiri mpaka barabara ikatulia kabisa.

"Siisikii," akasema hatimaye, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa. "Haya, nieleze ikoje."

Fundi Sikio akaweka sanduku chini, akafikiri, kisha akaanza kumweleza.